Sura ya Sita: Bambo Halisemei Gunia Zima

Karanga zikishabanguliwa Haneti, kaskazini ya jiji la Dodoma, mnunuzi haji na mizani peke yake. Anakuja na bambo. Ni kipande cha bomba la chuma kilichokatwa mshazari kikawa na ncha kali, chenye mfereji tumboni. Anashuka kwenye fuso, anatoa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", anaitikiwa, kisha bila maneno mengi analichoma gunia ubavuni. Karanga saba au nane zinateremka kiganjani mwake. Anazigeuzageuza, anaipasua moja kwa meno, anaitema.

"Hizo ulizotoa ni za pembeni," mama mwenye mzigo anamwambia. "Za katikati ni nzuri kuliko hizo."

"Nitachoma na katikati, mama. Usijali."

Anachoma tena. Zinazotoka safari hii kweli ni nono zaidi, lakini mbili zina weusi. Anatikisa kichwa, anataja bei, mama anaguna, na mazungumzo yenyewe sasa ndiyo yanaanza.

Huyu mama ameshasema karibu kila kitu nitakachokieleza katika sura hii. Kilicho kiganjani si gunia. Kimetoka mahali fulani ndani ya gunia, na mahali hapo pasipotajwa, ubishi hauishi. Wataalamu wanaosoma vinasaba kwa kompyuta walichukua miaka kadhaa kukubaliana namna ya kuliandika jambo hilihili, na wengi wetu bado tunaliandika vibaya.

Weusi wa karanga mbili unatuleta kwenye sumukuvu. Mwaka 2016 watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa kula nafaka yenye sumu hiyo, na 20 kati yao wakafariki. Walikula ugali wa mahindi yao wenyewe. Sumukuvu haina harufu ya kuaminika wala rangi, wala haienei sawasawa: katika gunia zima punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na zilizobaki zikawa salama. Bambo likizikosa, gunia linasifiwa. Likizigonga, linalaaniwa lote.

Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu za jamii ya Aspergillus, na maarufu kuliko zote ni Aspergillus flavus. Mtu akitaka kujua ni kuvu gani iliyomo katika punje, siku hizi haishii kwenye darubini. Anaikuza kuvu, anatoa vinasaba vyake, anasoma kipande kimoja cha herufi zake (zile nne, A, C, G na T), kisha anakipeleka kipande hicho kwenye hifadhidata na kuuliza: umewahi kuona kitu kama hiki?

Anayejibu swali hilo, mara nyingi, ni programu inayoitwa BLAST. Ilichapishwa mwaka 1990 na Stephen Altschul na wenzake wanne. Werevu wake ulikuwa katika kukataa kulinganisha kila herufi na kila herufi. Inatafuta kwanza maneno mafupi yanayolingana kabisa, kwa kawaida ya herufi 11, kisha kutoka hapo inajinyoosha kulia na kushoto mpaka mfanano unapokufa. Kwa hiyo jibu lake kamwe si "huyu ni fulani". Jibu lake ni kwamba kuanzia herufi hii hadi hii ya mfuatano wako, panafanana na kuanzia herufi ile hadi ile ya mfuatano mwingine, kwa kiwango hiki. Ni bambo. Linakuambia lilipochoma na lilichokivuta.

Tatizo linaanzia kwetu sisi tunaosoma. Jedwali la majibu linakuja na safu nyingi za namba, na pembeni kuna jina. Jicho la binadamu linakimbilia jina.

Nilifanya kosa hilo mwenyewe, katika maabara ambayo sitaitaja kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Nilikuwa na mifuatano ya kuvu kadhaa kutoka kwenye mahindi. Niliichoma yote katika BLAST, nikanakili jina la juu la kila jibu nikaliweka kwenye jedwali langu, nikafuta mafaili mengine kwa sababu diski ilikuwa imejaa. Miezi baadaye mwenzangu akaniuliza swali la kitoto: hii uliyoiita flavus, iliyofuata chini yake ilikuwa ipi? Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehifadhi hukumu na kuwatimua mashahidi.

Swali lake halikuwa la kitoto hata kidogo. Kipande kinachosomwa mara nyingi kwa kuvu kinaitwa ITS, na mwaka 2012 kilikubaliwa kimataifa kuwa kitambulisho rasmi cha kuvu. Kwa jamii nyingi kinafaa. Kwa ndugu wa flavus kinayumba. Ukikipeleka ITS cha flavus kwenye hifadhidata, utakuta kichwani mwa jedwali flavus na oryzae wamekaa bega kwa bega na pointi zilezile. Oryzae ndiyo kuvu ambayo Wajapani wameitumia kwa karne nyingi kutengeneza mchuzi wa soya. Moja inaua, nyingine inaungwa kwenye chakula, na BLAST haioni tofauti kwa sababu katika kipande ulichoipa tofauti haimo. Nani anakaa mstari wa kwanza kati yao inaweza kuwa ni suala la mpangilio tu. Anayenakili mstari wa kwanza anapiga shilingi.

Na majina yenyewe yaliyoko hifadhini yaliandikwa na watu. Mwaka 2006 R. Henrik Nilsson na wenzake walikagua mifuatano ya ITS iliyokuwa katika hifadhi za umma, wakakadiria kwamba hadi asilimia 20 huenda ilikuwa na jina la spishi lisilo sahihi. Ukinakili jina bila ushahidi wake, kisha ukaupeleka mfuatano wako hifadhini kwa jina hilo, atakayekuja kesho atakukuta wewe kama shahidi wa pili. Uvumi hukua hivyohivyo kijijini.

Wenzetu wa Kenya walilipa gharama kubwa kabla hawajaijua kuvu yao. Mwaka 2004, Ukambani na maeneo ya jirani, watu 317 waliugua sumukuvu na 125 wakafa. Claudia Probst, Henry Njapau na Peter Cotty walipochunguza mahindi yaliyohusika, mwaka 2007 waliripoti kwamba mhusika mkuu hakuwa flavus wa kawaida bali aina iitwayo S, yenye chembe ndogondogo na sumu nyingi. Mwaka 2012 Probst na wenzake wakaenda mbali zaidi: kuvu hizo za Kenya zilikuwa tofauti na watoa sumu wengine wanaofanana nazo. Kwa miaka hiyo yote jina la flavus lingeweza kuandikwa juu ya kuvu hizo na hakuna ambaye angekuwa amedanganya. Lingekuwa tu halijasema la muhimu.

Sasa tuingie jikoni, kwa waandishi wa programu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu waliokuwa wakijenga zana huria za biolojia, kama BioPerl, na BioJava iliyoanzishwa na Thomas Down na Matthew Pocock, walikutana na swali linaloonekana la ukarani. Jibu la BLAST lihifadhiwe vipi ndani ya kompyuta? Njia ya haraka ni kulihifadhi kama ripoti, maandishi marefu yanayosomwa na kutupwa. Walichagua njia nyingine. Mfuatano wowote ndani ya programu hizo tayari ulikuwa na uwezo wa kubeba vipengele: hapa jeni inaanza, hapa inakatika, hapa pana protini. Kila kipengele ni objekti yenye mahali pake, aina yake na chanzo chake, kama kibandiko kilichogandishwa juu ya herufi fulani. Wakasema: mfanano nao uwe kipengele. Ubandikwe palepale ulipopatikana.

Naliona hilo kuwa moja ya maamuzi ya busara zaidi katika fani hii, ingawa halikumpa mtu umaarufu. Maana ukishakubali kwamba mfanano ni kipengele, programu haikuruhusu tena kuwa mvivu. Itakuuliza unaanzia wapi na kuishia wapi, uko upande gani wa uzi wa vinasaba, na nani kakwambia.

Kuna ugumu mmoja ambao vipengele vya kawaida havina. Jeni ina mahali pamoja. Mfanano una pawili, kwako na kwa yule unayefanana naye. BioJava ilitatua hili kwa namna ambayo Mswahili ataipenda. Kipengele chake kiitwacho SimilarityPairFeature huzaliwa kikiwa pacha: nusu moja imebandikwa kwenye mfuatano wako, nusu ya pili kwenye mfuatano wa hifadhini, na kila nusu ukiiuliza inakutajia ndugu yake. Neno lililotumika kwenye msimbo ni hilohilo la ndugu wa tumbo moja. Kati yao wanashikilia pointi zao na ulinganishaji wenyewe, herufi kwa herufi. Ukimshika mmoja, mwenzake hapotei.

Wanaoandika kwa mafaili ya kawaida wana muundo wa GFF3, ambao ni jedwali la safu 9 tu. Safu ya kwanza ni jina la mfuatano, ya pili ni chanzo, ya tatu ni aina, ya nne na ya tano ni mwanzo na mwisho, ya sita ni alama, ya saba ni upande wa uzi, ya nane ni awamu ya kusoma, na ya tisa ni mfuko wa mengineyo, ambamo ndugu huandikwa kwa jina lake pamoja na mwanzo na mwisho wake. Karani yeyote wa ghala la mazao angeuelewa kabla chai yake haijapoa.

Mitego ipo, na inafaa niitaje kwa sababu imeniuma. BLAST, ikikuta mfanano kwenye uzi wa upande wa pili, huandika namba za ndugu kinyumenyume, mwanzo ukawa mkubwa kuliko mwisho. GFF3 hairuhusu hivyo. Mwanzo ni lazima uwe mdogo au sawa, na upande unaandikwa kwenye safu ya saba. Asiyegeuza anapata faili bovu, au mbaya zaidi, faili lisilolalamika. Na ile safu ya sita: maelekezo ya GFF3 yanapendekeza kwa mifanano uweke thamani E, ambayo ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Watu wengi huweka pointi, ambazo zikiwa kubwa ndizo nzuri. Faili lenyewe halikuambii aliyelijaza alikuwa wa kundi gani.

Thamani E inastahili maneno machache. Inauliza: katika hifadhi ya ukubwa huu, mifanano mingapi ya kiwango hiki ingejitokeza kwa bahati tu? Ukubwa wa hifadhi umo ndani ya hesabu. Hifadhi ikiwa mara mbili, thamani E ya ulinganishaji uleule inakuwa mara mbili. Hifadhi ya umma ya GenBank imekuwa ikivimba tangu mwaka 1982, kwa hiyo thamani E isiyotaja hifadhi na tarehe ni kama mtu anayekwambia karanga zilikuwa elfu mbili kwa kilo bila kusema mwaka gani.

Nataka sasa nionyeshe mfano mmoja kwa karibu, na nitauchukua kwenye muhogo, zao ambalo hapa uwanda wa kati ni akiba ya mwaka mbaya lakini pwani na Kanda ya Ziwa ndiyo chakula chenyewe. Ugonjwa wa michirizi kahawia ulielezwa na H. H. Storey huko Amani, Tanga, mwaka 1936. Shina na majani yanaweza kukudanganya mpaka mwisho, kisha ukachimba muhogo ukakuta ndani umeoza kahawia kama kizibo. Jenomu kamili ya kirusi chake ilichapishwa mwaka 2009 na Deusdedith Mbanzibwa, mtafiti Mtanzania, pamoja na wenzake: herufi 9,069, zinazotoa protini moja ndefu ya asidi amino 2,902, ambayo baadaye inakatwakatwa vipande vya kazi.

Ungeuchoma mfuatano huo mzima kwenye hifadhi wakati huo, jina la juu lingekuwa la virusi jamaa zake. Sahihi kabisa. Mtu wa kunakili majina angefunga kompyuta hapo akaenda kula.

Lakini katika ukoo huo wa virusi mpangilio wa vipande unajulikana kama kamba ya shanga. Kuelekea mwisho, kikipita kipande kinachonakili kirusi, kinachofuata ni protini ya ganda. Katika kirusi hiki, katikati ya hao wawili palikuwa na kitu cha herufi 678 ambacho hakikufanana na jamaa zake. Kilifanana na protini za jamii ya Maf/HAM1, zinazopatikana ndani ya seli za viumbe wa kawaida, zenye kazi ya kuvunja herufi mbovu kabla hazijaingia kwenye vinasaba. Mgeni amekaa sebuleni kwa watu.

Tazama jinsi hili linavyoandikwa. Herufi 678 za kirusi ni asidi amino 226 kwa kipimo cha ndugu, kwa sababu kila asidi amino moja hugharimu herufi tatu. Kwa hiyo kipengele pacha hapa kina nusu mbili zenye urefu tofauti, mmoja akihesabu kwa herufi na mwingine kwa asidi amino, na programu lazima ijue nani anatumia kipimo gani, la sivyo itambandika ndugu mahali pasipo pake. Kipengele kingine kinakaa kushoto kwake kikisema "kinakili cha virusi", kingine kulia kikisema "ganda". Vitatu vinaonekana kwa pamoja, kila kimoja mahali pake, na ndipo ajabu ya yule wa katikati inapojitokeza. Jibu la jumla, moja kwa mfuatano mzima, lingemmeza.

Mbanzibwa na wenzake hawakusema kwamba kipande hicho kinafanya kazi ya HAM1. Waliandika kwamba kufanana kwake kunadokeza huenda kinafanya. Ilichukua miaka kumi: mwaka 2019 watafiti wengine walionyesha maabara kwamba protini hiyo kweli huvunja herufi hizo mbovu, na wakakuta jambo ambalo mfanano haukulitaja popote, kwamba inahusika pia na kufa kwa tishu za mmea. Mwaka 2009 kipengele kile kilikuwa dokezo lenye mahali, chanzo na ndugu. Kwa hiyo kilipokuja kuthibitishwa, kulikuwa na kitu cha kuthibitisha.

Tofauti hii ya dokezo na hukumu inabana zaidi pale kazi inapofanyika haraka. Mwaka 2019 timu ya Laura Boykin, Joseph Ndunguru na wenzao iliripoti jinsi walivyosoma vinasaba vya muhogo shambani kwa mkulima, shamba moja Tanzania, moja Uganda, moja Kenya, kwa vifaa vya betri vinavyoenea kwenye mkoba. Walikuta virusi vya batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, kwenye jani, shina, muhogo wenyewe na hata wadudu. Kutoka kufika shambani hadi kupata majibu, chini ya saa 3. Wao wenyewe waliyaita majibu ya awali, na neno hilo moja lina heshima kubwa kwangu. Chini ya mti, bila umeme wala mtandao, unalinganisha na nakala uliyoibeba, na kuvu au kirusi kisichokuwa katika nakala hiyo kitapewa jina la jirani yake wa karibu. Kipengele kinachotaja nakala na tarehe kitarudiwa kulinganishwa mtandao ukipatikana. Jina tupu litabaki kama lilivyo.

Haneti, nje ya karanga, watu wanaijua kwa jiwe la kijani liitwalo krisopresi. Wauzaji wa vito duniani wamekuwa wakiliuza jiwe la aina hiyo kwa jina la jiwe jingine, jade, kwa sababu linafanana nalo. Sikusudii kulikuza hilo. Nataka tu kusema kwamba tabia hii ya kukipa kitu jina la kinachofanana nacho haikuanza na kompyuta.

Turudi kwenye kuvu, kwa sababu huko kuna jambo la mwisho. Arizona, Marekani, wakulima hutumia kuvu ya flavus iitwayo AF36 ambayo haitoi sumukuvu kabisa. Jeni za kutengeneza sumu inazo. Katika jeni moja ya mwanzoni mwa kazi hiyo, herufi moja imebadilika ikawa alama ya "simama", na mtambo mzima ukazimika. Linganisha jeni hiyo na ya kuvu muuaji, mfanano utakuwa karibu asilimia 100. Ukihifadhi asilimia peke yake, umehifadhi kosa. Ukihifadhi ulinganishaji herufi kwa herufi, ile herufi moja iko palepale ikikungoja.

Kwa wazo hilohilo, kuvu za flavus zisizo na sumu zilitafutwa hapa kwetu, zikapatikana, na mwaka 2018 Tanzania ikasajili dawa iitwayo Aflasafe TZ01. Ni punje za mtama uliokaangwa, zimepakwa kuvu hizo na kutiwa rangi ya buluu. Mkulima wa mahindi au karanga anazimwaga shambani kwa mkono wiki mbili tatu kabla ya maua, nazo zinawahi nafasi ambayo kuvu wenye sumu wangeikalia.

Kwa hiyo yupo flavus anayemwagwa shambani kuokoa karanga, na yupo flavus anayezitia sumu. Ukizisoma zote mbili na kunakili mstari wa kwanza wa jedwali, safu ya jina itasomeka sawa: Aspergillus flavus.